Timu Hujengwa Kijijini

Mwanzoni mwa mwaka 2025, kaunti ya Leitrim, iliyoko kaskazini magharibi ya Ireland, iliarifu kwamba haitaweza kufika uwanjani kupambana na jirani zake wa Fermanagh katika Ligi ya Taifa ya mpira wa Kigaeli. Sababu iliyotolewa ilikuwa fupi: majeruhi ni wengi, na wachezaji waliosalia hawatoshi. Fermanagh wakapewa ushindi wa mezani. Ligi ilipomalizika, Leitrim walikuwa wameteremka kutoka Daraja la Tatu kwenda la Nne, ambalo ndilo la mwisho, msimu mmoja tu baada ya kupanda.

Wapo watakaouliza jambo hili lina uzito gani hata lishughulikie safu hii. Timu hushinda na timu hushindwa, na kila msimu lazima awepo wa mwisho. Sisi tunaona kwamba kufungwa na kutofika ni mambo mawili mbalimbali. Anayefungwa hurudi nyumbani akajifunza, akajitayarisha, akaja tena. Lakini watu wanaposhindwa kupata vijana wa kutosha kuvaa jezi ya kwao, swali halihusu mchezo tena. Swali ni kama mahali pale bado pana watu wa kupasimamia.

Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulitazama jambo la Leitrim kwa makini. Tunaamini kwamba ndani yake mna funzo kwa kila mwenye dhamana ya kuongoza watu wachache katika mahali padogo.

MCHEZO USIO NA MSHAHARA

Ni vyema kwanza msomaji aufahamu mchezo wenyewe. Mpira wa Kigaeli huchezwa na watu kumi na watano kila upande, kwa mkono na kwa mguu. Mpira ukiingia wavuni ni bao, na bao moja ni sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, baina ya nguzo mbili, kwa kawaida huhesabiwa pointi moja. Matokeo huandikwa kwa kutaja mabao kwanza, kisha pointi.

Chama kinachousimamia mchezo huu kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles, wakati Ireland ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Waanzilishi wake, wakiongozwa na Michael Cusack na Maurice Davin, hawakutaka kucheza tu. Walitaka watu wao waache kuionea haya michezo ya wazee wao na kuiona ya mtawala kuwa ndiyo ya kiungwana. Wakoloni nao waliuelewa vizuri uzito wa jambo hilo. Tarehe 21 Novemba 1920, askari wa Kiingereza waliwafyatulia risasi watu waliokuwa wakitazama mchezo katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, wakawaua watu kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa mchezaji, Michael Hogan wa kaunti ya Tipperary, na jukwaa moja la uwanja huo lina jina lake.

Hadi leo wachezaji wa mpira huu hawalipwi mshahara. Bingwa wa Ireland nzima hucheza Jumapili mbele ya watu zaidi ya elfu themanini, na Jumatatu asubuhi anarudi kufundisha skuli, kujenga nyumba au kukamua ng'ombe. Tena hakuna biashara ya kununua wachezaji. Kijana huchezea klabu ya parokia yake, na akiwa hodari huitwa kuchezea kaunti yake. Tajiri hawezi kutoa fedha akamchukua mshambuliaji wa kaunti nyingine kama mtu anunuavyo ng'ombe mnadani.

Mpango huu una heshima kubwa, nasi tunausifu. Lakini kila mpango una gharama yake. Pale ambapo timu haiwezi kununua mtu, haina budi kumzaa, kumlea na kumweka. Kaunti isiyoweza kuwaweka vijana wake haina soko la kukimbilia.

WATU WALIOPUNGUA KWA MIAKA MIA NA HAMSINI

Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha kwamba Leitrim ilikuwa na watu wapatao 155,000. Miaka minne baadaye ugonjwa uliangamiza mbatata, chakula kikuu cha maskini wa Ireland, ikazuka Njaa Kuu iliyodumu hadi mwaka 1852. Katika nchi nzima watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wapatao milioni moja walipanda meli wakahama. Leitrim, yenye udongo mzito unaotuama maji na mashamba madogo madogo, ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njaa ilipokwisha, kuhama hakukwisha. Kizazi baada ya kizazi kilifunga mizigo kwenda Liverpool, London, New York na Boston. Mkoloni aliondoka, dola huru ikaundwa, na bado vijana waliendelea kuondoka. Hesabu ya mwaka 1996 iliwakuta watu 25,057 tu. Maana yake ni kwamba kwa kila watu sita waliokuwapo mwaka 1841, palibaki mmoja.

Uwanja wa timu hiyo, uliopo katika mji mkuu wa kaunti, Carrick-on-Shannon, unaitwa kwa jina la Seán Mac Diarmada, mwana wa Leitrim aliyetia saini Tangazo la Jamhuri mwaka 1916 na kupigwa risasi na Waingereza tarehe 12 Mei mwaka huohuo. Yeye mwenyewe aliondoka kijijini kwao, Kiltyclogher, akiwa kijana ili kutafuta kazi mijini. Ni haki kumkumbuka shujaa kwa kumpa uwanja. Lakini uwanja wenye jina la shujaa, ukikosa vijana wa kuuchezea, huwa ni kaburi lililopakwa chokaa.

UDHURU WA KWANZA: TU WACHACHE

Baada ya kila kipigo, udhuru wa kwanza unaosikika ni huu: sisi ni wachache, tutafanya nini? Udhuru huu una chembe ya ukweli. Hesabu ya mwaka 2022 iliipa Leitrim watu wapatao 35,000, idadi ndogo kuliko ya kaunti yoyote katika Jamhuri ya Ireland. Dublin ilikuwa na zaidi ya 1,450,000. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mashindano ya hawa wawili yana mizani sawa.

Hata hivyo, hebu tutazame historia. Leitrim imeutwaa ubingwa wa jimbo la Connacht mara mbili tu, mwaka 1927 na mwaka 1994. Mwaka 1994 waliwatoa Roscommon, wakawatoa Galway baada ya mchezo wa marudiano, kisha katika fainali wakawashinda Mayo kwa 0-12 dhidi ya 2-4, yaani pointi kumi na mbili kwa kumi. Walikuwa wamengoja miaka sitini na saba. Tom Gannon, nahodha wa mwaka 1927, alikuwa hai bado, naye akalishika kombe pamoja na nahodha mpya, Declan Darcy. Katika nusu fainali ya Ireland nzima walifungwa na Dublin, lakini hakuna aliyerudi Carrick akiinamisha uso.

Msomaji na alinganishe miaka. Ushindi huo ulipatikana mwaka 1994, na hesabu iliyokuta watu wachache kuliko wakati wowote ni ya mwaka 1996. Leitrim ilikuwa bingwa wa jimbo katika zama ambazo watu wake walikuwa wamefikia kiasi cha chini kabisa. Na mwaka 2025, ikiwa na watu kama elfu kumi zaidi, ilishindwa kupeleka timu uwanjani. Basi uchache peke yake hauelezi jambo hili. Kiongozi anayejificha nyuma ya uchache anawafundisha watu wake kukata tamaa, na hilo ni kosa kubwa kuliko kufungwa.

UDHURU WA PILI: KOCHA HAFAI

Udhuru wa pili ni kumtupia lawama kocha. Atafutwe mwingine, tena mwenye jina, naye ataleta miujiza. Watu wanaoshikilia maoni haya huutaja mwaka 1994 kuwa ushahidi wao, kwa kuwa timu ile iliongozwa na John O'Mahony, mwalimu wa skuli kutoka Mayo, aliyekuja baadaye kuwapa Galway ubingwa wa Ireland mwaka 1998 na 2001.

Sisi hatuipunguzi hata kidogo heshima ya marehemu O'Mahony, aliyefariki mwaka 2024. Lakini ukweli ni kwamba hakukuta shamba tupu. Mwaka 1990 Leitrim ilikuwa imekwisha kushinda mashindano ya Ireland ya kundi la pili, na mwaka huohuo Mickey Quinn akawa mchezaji wa kwanza wa kaunti hiyo kuchaguliwa katika kikosi cha nyota wa nchi nzima. Mwaka 1991 vijana wake wa chini ya miaka ishirini na moja walitwaa ubingwa wa jimbo. O'Mahony alivuna, tena alivuna kwa ustadi, lakini mbegu ilikuwa imepandwa na wengine, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Kama ushahidi huo hautoshi, uko mwingine wa karibu zaidi. Mwaka 2020 kaunti mbili ziliteremka pamoja kutoka Daraja la Tatu kwenda la Nne: Leitrim na Louth. Siku ile mtu angeweza kuzifananisha kama pacha katika mkosi. Louth walipanda mwaka 2021, wakapanda tena mwaka 2022. Mwaka 2023 na 2024 walifika fainali ya jimbo la Leinster wakafungwa na Dublin mara zote mbili. Mwaka 2025 walifika kwa mara ya tatu, wakawashinda Meath na kutwaa ubingwa ambao hawakuuona tangu mwaka 1957. Mwaka huohuo vijana wao wa chini ya miaka ishirini nao wakawa mabingwa wa jimbo.

Jambo la kuzingatiwa ni hili. Kocha aliyeanza kazi ile, Mickey Harte, aliondoka mwaka 2023 kwenda kuifundisha Derry. Wengi walidhani nyumba itaanguka. Haikuanguka. Ger Brennan akashika usukani, na chombo kikaendelea na safari ileile. Huko ndiko kujenga: mtu anapoondoka, kazi inabaki. Upande wa Leitrim, mwaka 2024 timu ilipanda daraja chini ya Andy Moran, naye akaondoka. Mwaka uliofuata timu ikakosa watu. Tofauti ya hali hizi mbili haiwezi kuelezwa kwa sifa za makocha. Inaelezwa na kile ambacho kila kaunti ilikuwa nacho chini ya kocha.

Hatuna budi pia kuwa waadilifu. Louth, ingawa ni kaunti ndogo kuliko zote kwa eneo, ina watu karibu 140,000, na miji yake ya Drogheda na Dundalk ipo katika njia kuu baina ya Dublin na Belfast. Kijana wa Louth anaweza kufanya kazi Dublin na kulala kwao. Leitrim hawana neema hiyo. Kwa hiyo hatusemi kwamba Leitrim wangeweza kuiga kila walichofanya Louth. Tunasema kwamba Louth waliacha kutafuta mkombozi, wakaanza kutengeneza msingi.

VIJANA WAKO WAPI?

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Elfu kumi walioongezeka Leitrim tangu mwaka 1996 si elfu kumi wa umri wa kucheza mpira. Wapo waliorejea baada ya maisha ya kazi ng'ambo, na zipo familia zilizohamia kwa kutafuta nyumba za bei nafuu na maisha ya utulivu. Wote hao ni baraka. Lakini wastani wa umri wa wakazi wa Leitrim uko juu ya wastani wa taifa zima, na kijana anapomaliza skuli hufuata chuo na kazi, na aghalabu vyote viwili viko mbali.

Kutoka Dublin mpaka Carrick-on-Shannon ni mwendo wa kilomita zipatazo 150. Kijana anayefanya kazi Dublin na kuichezea Leitrim humaliza kazi jioni, huendesha gari kwa saa mbili, hufanya mazoezi katika mvua na baridi, kisha hurudi usiku wa manane ili awahi kazini asubuhi. Hufanya hivyo mara kadhaa kila wiki, kwa miezi mingi ya mwaka, bila mshahara, na mwisho wa wiki hufungwa na timu yenye watu mara ishirini ya watu wake. Tusishangae mmoja wao anaposema mwaka huu nitapumzika. Tusishangae mwingine anapokata tiketi ya Australia. La kushangaza ni kwamba wapo wanaoendelea kuja.

Na hao walioondoka hawakuacha kucheza. Timu za London na New York hushiriki katika mashindano ya jimbo la Connacht, na zimejaa wahamiaji na watoto wa wahamiaji. Mwaka 2013 London waliitoa Leitrim baada ya mchezo wa marudiano, wakafika fainali ya jimbo kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mwaka 2023 Leitrim walisafiri mpaka New York, kwa watu ambao tangu waanze kushiriki mwaka 1999 hawakuwa wamepata kushinda mchezo hata mmoja wa mashindano hayo. Baada ya muda wa nyongeza timu zilikuwa sawa, na katika mikwaju ya penalti New York wakashinda.

Magazeti ya michezo yaliuita mkasa huo maajabu. Kwetu sisi si maajabu. Kwa miaka mia na hamsini Ireland imekuwa ikiwapeleka vijana wake ng'ambo, na kaunti zilizopeleka wengi kwa kulinganisha na watu wao ni kama Leitrim. Siku moja lazima ng'ambo ipate nguvu ya kumshinda aliyebaki nyumbani. Wahenga wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini mtu hurejea ngamani ikiwa chombo kimemwekea nafasi. Asipoikuta nafasi, atajenga chombo chake huko aliko.

KUJENGA UPYA NI KUFANYA NINI?

Neno kujenga upya limekuwa rahisi mno midomoni. Kila timu inayofungwa huambiwa ijenge upya, na aghalabu maana yake ni kubadili majina matano na kusubiri. Sisi tunaona kwamba kwa kaunti iliyofika hali ya Leitrim, kujenga upya kuna sharti nne.

Sharti la kwanza ni kusema kweli. Uongozi wa kaunti ulipotangaza kwamba hauna wachezaji wa kutosha, ulidhihakiwa na wengi. Sisi tunasema kwamba tangazo lile, kwa uchungu wake wote, lilikuwa na faida kuliko kuokoteza watu wasio tayari na kuwapeleka kuumizwa. Mgonjwa anayeficha ugonjwa kifo humuumbua. Lakini ukweli usiishie katika tangazo. Waambiwe watu wazi kwamba kazi hii ni ya miaka minane au kumi, na kwamba katika miaka hiyo watafungwa mara nyingi.

Sharti la pili ni kuanza na watoto. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi mwaka 2025 ndiye atakayekuwa na ishirini mwaka 2035. Nguvu na fedha za kaunti ndogo zisimezwe na timu ya wakubwa peke yake. Mwaka 2024 kaunti zote za Ireland kwa pamoja zilitumia zaidi ya yuro milioni 40 kutayarisha timu zao. Haya ni mashindano ya matumizi, na maskini anayeshindana na tajiri kwa matumizi ataishia katika madeni tu. Mwalimu mmoja anayezunguka skuli za msingi kwa baiskeli na mfuko wa mipira ana faida kwa Leitrim kuliko wataalamu kumi wa kupima mapigo ya moyo.

Sharti la tatu ni haki katika mgawanyo. Kwa miaka mingi Dublin ilipata kutoka mfuko mkuu wa Chama zaidi ya yuro milioni moja kwa mwaka kwa ajili ya kufundisha watoto, na timu yake ikatwaa ubingwa wa Ireland mara sita mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2020. Hatusemi kwamba fedha ndizo zilizocheza. Vijana wale walikuwa hodari, na mji mkubwa nao una watoto wenye haki ya kufundishwa. Lakini Chama kilichozaliwa kumtetea mnyonge hakiwezi kukaa kimya mwenye nyingi akiongezewa na mwenye chache akipewa nasaha. Mwaka 2024, chini ya urais wa Jarlath Burns, Chama kiliunda kamati ya kitaifa ya kuchunguza mabadiliko ya idadi ya watu mijini na vijijini. Hiyo ni hatua njema. Hatua njema zaidi ni kutekeleza, kwani ripoti haikimbii uwanjani.

Sharti la nne, nalo ndilo kubwa, liko nje ya uwezo wa Chama cha michezo. Ni kazi na makazi. Kijana hakai mahali kwa sababu ya wimbo wa timu. Hukaa kwa sababu ana ajira, ana nyumba anayoweza kuilipia, skuli ya wanawe iko wazi na daktari yupo. Serikali inayofunga ofisi ya posta leo, kituo cha polisi kesho na skuli keshokutwa, kisha ikatoa ruzuku ya kupanda nyasi uwanjani, inajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Wizara ya michezo haiwezi kurekebisha kilichoharibiwa na wizara nyingine tano.

TUSIKUBALI DAWA YA MKATO

Yapo maoni mengine ambayo husikika pembeni kila kaunti ndogo inapoanguka. Husemwa kwamba kaunti hizo ziunganishwe na jirani zao ili ipatikane timu moja yenye nguvu. Kwa hesabu za karani, shauri hilo ni zuri. Kwa hesabu za watu, ni msiba. Mtu wa Leitrim hatakwenda kumshangilia mtu wa Roscommon aliyepewa jezi yenye rangi mbili. Atakaa nyumbani, na mwanawe atakaa nyumbani, na baada ya miaka kumi hapatakuwa na hata nusu ya timu ya kuunganisha.

Kwa upande mwingine, kuanzishwa kwa Kombe la Tailteann mwaka 2022, ambalo ni mashindano ya ngazi ya pili, ni jambo la busara. Mwanzoni wapo walioliona kuwa dharau. Lakini Meath, waliokuwa mabingwa wa Ireland mara saba, walilishinda mwaka 2023 bila ya kuona haya, na mwaka 2025 wakawafunga Dublin, Kerry na Galway na kufika nusu fainali ya Ireland nzima. Kushuka ngazi si fedheha ikiwa mtu anashuka ili apande kwa mguu imara. Fedheha ni kusimama juu ya ngazi iliyooza kwa ajili ya kuonekana.

NASI JE?

Sisi tunaokaa visiwani hatuchezi mpira wa Kigaeli, na huenda wengi wetu hatutauona maishani. Lakini maneno ya Leitrim tunayajua. Tunayajua maskani yaliyokuwa yakijaa vijana jioni na sasa yamebaki na wazee wawili na bao la karata. Tunaijua klabu iliyokuwa na timu tatu na sasa inaazima kipa. Tunazijua pia nyuso za wale walioko bara, Ghuba na Ulaya, ambao hutuma fedha za kuezeka paa la nyumba wasiyoilala.

Kwa viongozi wenye dhamana tunasema hivi: timu ya mahali padogo ni kipimo kinachosema kweli mapema kuliko takwimu. Kabla ya skuli kufungwa, timu ya vijana hukosa watu. Kabla ya kijiji kuhamwa, mechi huahirishwa. Kiongozi mwangalifu hangoji hesabu ya watu ya miaka kumi ijayo. Huuliza Ijumaa jioni ni wangapi waliofika mazoezini, na wale wasiofika wamekwenda wapi.

Na kwa wananchi tunasema kwamba ulezi wa vijana hauna mbadala. Wale waliopanda mbegu Leitrim kabla ya mwaka 1994 walikuwa walimu, wakulima, madereva na akina mama waliofua jezi. Hawakungoja waitwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mahali penye watu wachache mafundi wa kujenga ukuta huenda wakawa wamekwisha kuondoka.

Leitrim watacheza tena, na kwa muda watafungwa tena. Hilo lisiwavunje moyo. Kipimo cha kazi yao hakitakuwa matokeo ya msimu mmoja, wala jina la kocha. Kitakuwa hiki: mtoto wa miaka kumi anayeupiga mpira ukutani leo katika kijiji cha Leitrim, je, akifika miaka ishirini atakuwa na sababu ya kuwa yupo bado? Wakiweza kumpa sababu hiyo, timu itapatikana. Wasipoweza, hata kocha bora wa Ireland nzima atakuja kufundisha uwanja mtupu.